Visivyochekesha, kwa Wenye Nyuzi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, ikakatika kabla ya chai. Dada anasema hiyo ni salamu tu, yenyewe bado iko njiani.

Tangu astaafu, Dada alikuwa hajakanyaga maktaba. Leo amenisindikiza kwa nguvu nikarudishe kitabu kilichopitisha tarehe, maana kwake hiyo ni aibu ya nyumba nzima. Mlangoni tukakuta tangazo. Ukumbi wa juu unavuja. Mvua zikiisha paa litaezuliwa na vitabu vyote vya juu vitashushwa. Vitakavyorudishwa ni vile vilivyowahi kuazimwa tangu katalogi ihamie mtandaoni, pamoja na vitakavyoazimwa kabla ya mwisho wa Mei. Vingine vyote vitaondolewa.

Dada alilisoma mara mbili. Ndani, pale yalipokuwa makabati ya droo za kadi kwa muda wote aliofanya kazi, pana meza yenye kompyuta mbili na viti vya plastiki. Alimwuliza mkutubi wa sasa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye miwani aliyoipandisha kichwani, droo zimekwenda wapi. Ziko juu, akajibiwa, zimefunikwa turubai. Dada akashukuru, akatoka.

Alifika nyumbani, akavua viatu, akavipanga, ndipo akasema, "Kwa hiyo Visivyochekesha vinaondoka."

Jumanne, 4 Machi

Naandika nilivyozoea kazini, gazetini, kana kwamba msomaji hajui chochote.

Maktaba inatazamana na hospitali. Dada alikuwa ndiye mpanga katalogi. Kila kitabu kilichoingia alikiandikia kadi, na kwenye kadi akaeleza kinahusu nini, kwa kufuata orodha rasmi ya mada: Kilimo, Historia, Afya. Kisha, chini ya mada rasmi, akaongeza za kwake. Alizipata kwa kuwasikiliza watu waliovuka barabara kutoka wodini. Vya Kumsomea Mgonjwa. Vya Kusubiria. Vya Kucheka Bila Sauti. Na hiyo aliyoitaja jana, ambayo jina lake kamili ni Visivyochekesha, kwa Wenye Nyuzi.

Hiyo chanzo chake ni mama yetu. Alipasuliwa tumbo, na Dada, akitaka kumchangamsha, akampelekea kitabu cha vichekesho na kumsomea. Ukurasa wa kwanza mama alitabasamu. Wa pili akacheka. Wa tatu akawa anacheka na kulia kwa pamoja, mikono tumboni, mpaka muuguzi akaja akakitwaa kitabu na kumtoa Dada nje. Kesho yake Dada alirudi na kitabu cha ujenzi wa barabara. Kokoto, lami, greda, mifereji. Mama alikisikiliza siku baada ya siku bila hata kutingisha bega, na nyuzi zikashika.

Mama alitoka hospitali na elimu mpya. Tangu hapo hakupita barabara bila kuikagua. Tungekuwa tunakwenda harusini, yeye kajifunga khanga mpya, mara anasimama katikati ya njia: "Hii haina mfereji." Sisi tunatazama pembeni.

Dada akafungua mada. Kila kitabu kikavu lakini chenye kushika akili alikitia humo: cha chumvi inavyovunwa, cha saa zinavyotengenezwa, cha kuchimba visima. Ni vitabu ambavyo hakuna mtu anayeviazima kwa majina yake. Alisema vile vya Kusubiria vitajitetea vyenyewe, vina majina matamu. Hivi havina wa kuvitetea.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeijaribu katalogi kwa simu, nikiwa nimekaa barazani. Dada alikaa nyuma yangu akichambua mchele na kujifanya hatazami.

Niliandika neno moja tu: visivyochekesha. Jibu likaja mara moja. Hakuna matokeo. Chini yake, kwa rangi ya buluu: Je, ulimaanisha vichekesho? Nikabonyeza ili nione. Vikaja vitabu vya utani kurasa tatu, cha kwanza kikiwa na picha ya mtu aliyeanguka kwenye ndoo.

Dada aliinama akatazama. "Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi," akasema. "Na wakanitoa wodini."

Alhamisi, 13 Machi

Siku nzima maktaba. Nilikwenda kwa hasira kidogo, na nimerudi nikiwa sina hakika nimkasirikie nani.

Nilikuwa nimekipata kitabu cha barabara kwa njia nyingine, kwa kuandika jina lake. Rekodi ilipofunguka niliishusha mpaka chini kabisa, na pale, kwa herufi ndogo za kijivu, nikaona: Visivyochekesha, kwa wenye nyuzi. Maneno yako ndani. Nikamgeuzia mkutubi kioo cha kompyuta nikamwuliza, kama yako humu, kwa nini nilipoyatafuta niliambiwa hayapo?

Aliishusha miwani usoni, akavuta kiti. Alinieleza bila haraka, nami nayaandika kwa maneno yangu. Mtu akiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, mashine haiendi rafuni wala haifungui kitabu. Hata rekodi haizisomi. Inakwenda kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno iliyokwisha kuandaliwa, kila neno likiwa na namba za rekodi lilimoonekana. Na maneno hayo huokotwa kwenye sehemu chache tu za rekodi, zile zilizochaguliwa: jina la kitabu, mwandishi, mada rasmi. Neno likiwa kwenye jina la kitabu hupewa uzito zaidi, ndiyo maana matokeo hujipanga yalivyojipanga. Waliohamisha kadi kuzitia kwenye kompyuta walikuta mada za Dada hazimo kwenye orodha rasmi. Hawakutaka kuzitupa. Wakazitia kwenye sehemu iitwayo Maelezo. Maelezo huonyeshwa, lakini hayaingii kwenye faharasa.

Kwa maneno mengine, utayaona ukishafika, lakini hayakusaidii kufika.

Kuna na jingine. Programu imefundishwa kukata mikia ya maneno, ilhali maneno yetu hubadilika kichwani, yaani mwanzoni. Ukiandika mgonjwa haikuletei wagonjwa. Mkutubi huwaambia watu wajaribu maumbo yote mawili.

Kwa haki niseme pia mazuri yake. Nilimtafuta mwandishi ninayemkumbuka jina la kwanza tu, nikampata. Droo zingenirudisha nyumbani, maana kadi zilipangwa kwa jina la ukoo. Na mtu aliye kitandani wodini anaweza kutafuta kwa simu bila kumtuma mtu. Dada hakuwahi kuwa na droo inayofika wodini.

Niliuliza kama ile sehemu ya Maelezo inaweza kuingizwa kwenye faharasa. Inaweza, akasema, ni tiki moja na saa kadhaa za mashine kujipanga upya. Ila mfumo ni wa matawi yote, lazima aombe makao makuu. Kisha akasita. "Na kuna shida nyingine, Mzee. Mama, dada yako, aliandika Vya Kusubiria, halafu kwingine Vya Anayesubiri, halafu kwingine Kusubiri. Yeye alikuwa anajua ni kitu kimoja. Mashine haijui."

Nikarudi kwa miguu. Nilikumbuka siku za gazetini, tulipokuwa hatuna kompyuta hata moja. Nikikwama na habari nilikuwa napiga simu maktaba. Dada hakukata simu wala hakuongea. Aliulaza mkono wa simu mezani, nami nikasikia viatu vyake vikienda, droo ikivutwa, kadi zikifunuliwa, droo ikirudi, viatu. Kisha sauti: "Andika." Nusu ya kazi niliyosifiwa ilitoka kwenye sauti za droo ile.

Jumanne, 18 Machi

Nimekuta mfuko wa plastiki juu ya meza ya kulia, ndani vitabu sita. Chumvi, visima, saa, nyuki, kamba, matofali. Sita ndiyo idadi ambayo kadi moja inaruhusiwa.

Dada yumo jikoni anaimba. Tangazo linasema vitakavyoazimwa kabla ya mwisho wa Mei vitarudishwa. Basi, anaazima.

Ijumaa, 21 Machi

Ameomba kadi yangu. Sita vingine.

Alhamisi, 27 Machi

Jirani yetu fundi cherehani sasa ni mwanachama wa maktaba. Mtaani Dada huitwa Mama Kimya, kwa jinsi alivyowanyamazisha watu kwa miaka, na fundi alikuja kuleta vitabu huku ananyata kidole mdomoni.

"Mama Kimya, nimeambiwa hivi ni vya wenye nyuzi. Mbona hukuniita zamani? Mimi nyuzi ndiyo kazi yangu."

"Weka hapo na usivilowanishe," Dada alimjibu.

Visivyochekesha vyote sasa viko nyumbani kwetu, chumbani kwa marehemu wazazi, vimesimama kwenye kitanda kisicholaliwa. Nimekaa navyo mchana huu, nje maji yakipiga mabati. Nyuma ya kila kimoja bado kuna karatasi ya tarehe, mihuri ya zambarau imepandana. Kile cha visima kiliwahi kutoka kila wiki mwaka mzima. Kwenye cha saa mihuri inakatika ghafla, mwaka ule droo zilipofungwa. Kwa jicho la mwandishi, hiyo ni habari kamili. Watu hawakuacha kuvipenda. Waliacha kuvipata.

Nilimwuliza Dada, sasa ameshaviazima, vimehesabiwa, kwa nini asivirudishe. Alisema havirudi chini ya paa linalovuja. Atavitunza mpaka mwisho wa mvua, akiviongezea muda kila tarehe ikikaribia.

Jumatano, 2 Aprili

Mkutubi amepiga simu. Makao makuu wamekubali tiki ile ijaribiwe kwa tawi letu, kwa sharti kwamba kila mada ya Maelezo iwe na umbo moja linaloeleweka. Anaomba Dada aende wakae wazipange.

Dada amekataa. Alisema mada zilikuwa tofauti kwa sababu watu walikuwa tofauti. Anayesubiri mtoto azaliwe hakai kama anayesubiri daktari atoke. Na kwamba yule binti wa kompyuta akitaka kupanga, apange watu kwanza.

Nilimjibu mkutubi kwamba Dada ana mafua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua haikati. Nguo za juzi bado mbichi. Dada amekaa chumba cha vitabu akisoma kuhusu kamba, na hataki kuulizwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Fundi alipita asubuhi akiwa amelowa mpaka magotini na habari kwamba paa la maktaba limefunguka upande wa mashariki. Dada alikuwa ameshavaa viatu kabla fundi hajamaliza sentensi.

Tulimkuta mkutubi juu, peke yake, sketi ameikunja, akivuta makabati kutoka kwenye maji. Turubai lilikuwa limeshikilia dimbwi, kisha likalimwaga lote mahali pamoja. Droo nne zilikuwa zimejaa kama mabeseni. Hakutugeukia hata kutusalimu, alisema tu, "Mama, shika huku," na Dada akashika.

Tuliziteremsha. Kadi zilizolowa haziachwi kwenye lundo, hugandana zikawa tofali. Tukazitandaza moja moja juu ya meza zote za chini, kwenye viti, kwenye ngazi, kwenye kaunta. Wasomaji waliokuwepo walisaidia kisha wakaenda zao. Mwandiko wa Dada ulienea chumba kizima, wino wa buluu ukiwa umeanza kuvimba pembeni. Sikuwa nimeuona mwingi hivyo kwa pamoja. Ni mwandiko ule ule ulioniandikia barua nikiwa shule ya bweni, na ile a inayofanana na samaki.

Kazi hiyo huenda taratibu, na watu wakifanya kazi ya taratibu huongea. Mkutubi aliinua kadi akasoma kwa sauti, Vya Waliogombana na Daktari, akauliza ni nini. Dada akasimulia habari za mzee mmoja. Akainua nyingine. Dada akasimulia. Ilipofika Vya Anayesubiri, mkutubi aliishika pamoja na Vya Kusubiria, moja kila mkono, akauliza bila kejeli tofauti yake ni ipi, maana angependa kuihifadhi kama ipo.

Dada alizisogeza karibu na macho, moja kisha nyingine. Nilidhani atamjibu lile jibu la watu tofauti.

"Hii niliandika asubuhi na hii jioni," akasema. "Nilikuwa nimesahau ya asubuhi."

Mkutubi alicheka, Dada akacheka. Kisha Dada akachukua penseli, akafuta moja kwa mstari. Mimi nilikuwa nikimwona mkutubi huyu kama mtu wa tiki na vibali. Leo nimeona mikono yake ikitenganisha kadi kama anayetenganisha vitumbua vya moto, na nasahihisha nilichofikiri.

Jumanne, 15 Aprili

Dada anaondoka na mwavuli saa mbili, anarudi saa kumi. Sasa anamwita mkutubi "mwenzangu".

Jumanne, 22 Aprili

Leo Dada aliniambia kwamba ile alama ya ona pia, ambayo kwenye kadi ilimtoa mtu droo moja ikampeleka nyingine, inawezekana kwenye kompyuta. Ukifungua Vya Kumsomea Mgonjwa, chini yake panatokea viungo vya kubonyeza: ona pia Visivyochekesha, ona pia Vya Kucheka Bila Sauti. Alilieleza hilo mara mbili wakati wa chakula, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Jumatatu, 28 Aprili

Mkutubi alitia tiki Ijumaa jioni, na mashine ikajipanga upya mwisho wa wiki. Asubuhi hii tulikwenda watatu, Dada, mimi na fundi, ambaye hakualikwa.

Dada ndiye aliyeandika, kwa kidole kimoja: visivyochekesha. Akabonyeza. Safari hii hakuna aliyeuliza kama tulimaanisha vichekesho. Orodha ilishuka, kitabu baada ya kitabu, chumvi, visima, saa, barabara, vyote vipo. Fundi akapiga makofi, Dada akamnyamazisha kwa mazoea.

Kisha nikaona safu ya kulia. Mbele ya kila kitabu, kwa rangi nyekundu: Kimeazimwa. Kimeazimwa. Kimeazimwa. Mpaka chini.

Mkutubi alikuwa ameshaiona. Aliipandisha miwani kichwani, akatazama dirishani kulikokuwa na mvua, akasema kwa upole kwamba anajua viko wapi, kwa sababu kadi tatu zenye anwani ya mtaa mmoja si siri kubwa. "Nami nilifanya hivyo hivyo nilipoanza kazi, Mama. Niliazima vitabu vya ushairi mpaka kitanda kikavunjika. Lakini msomaji akija leo, atavitafuta, atavipata, na hatavipata."

Dada alisema paa likizibwa atavileta. Alisema hivyo huku akiitazama ile safu nyekundu, na sauti yake haikuwa na nguvu aliyoizoea.

Ijumaa, 2 Mei

Hajaimba jikoni siku hizi. Mara mbili nimemkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha wazazi, mkono kwenye kitasa.

Jumanne, 6 Mei

Hii ya leo ni ndefu.

Mvua ilianza asubuhi ikiwa nzito, ya kumfanya mtu apaze sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tulikuwa tunakunywa chai. Simu ya Dada ikalia mlio wa ujumbe. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akanipa.

Ujumbe ulikuwa wa mashine, unaotumwa bila mkono wa mtu: Kitabu ulichoazima kinasubiriwa na msomaji mwingine. Tafadhali kirudishe mapema. Chini yake jina la kitabu. Kile cha barabara.

Nilimsomea. Akaniambia nirudie, nikarudia.

"Kuna mtu anakitaka," akasema.

Hakusema kwa majuto wala kwa fahari. Alisema jinsi mtu anavyosema maji yamechemka. Akanyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na kitabu amekizungushia mfuko wa plastiki na juu yake khanga. Nikasema tungoje mvua ipungue. Aliniuliza kama yule anayesubiri naye ataambiwa angoje mvua ipungue. Mwenye kichwa cha mada kinachoitwa Vya Kusubiria humwezi kwa hoja hiyo. Nikachukua mwavuli.

Mwavuli ulituhudumia mpaka kona ya kwanza. Kutoka hapo tulitembea ndani ya maji, Dada amekikumbatia kitabu kifuani kama mtoto mwenye homa. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa mto mwembamba, na sote wawili, bila kusemezana, tulijua mama angesema nini.

Mkutubi alitupokea na taulo la kufutia kaunta. Alitueleza kwamba jana jioni alikuja dereva wa lori, mtu mnene mwenye kofia, ambaye mkewe amepasuliwa. Hakuwahi kuingia maktaba. Muuguzi ndiye aliyemwambia avuke barabara. Aliandika kwenye kompyuta: kumsomea mgonjwa. Akafungua mada, akakuta ona pia, akabonyeza, na akakaa akasoma maneno yale kwenye kioo muda mrefu. Kisha akamwuliza mkutubi nani amejua. Maana mkewe kamkataza asimwambie tena hadithi za barabarani. Kila akimchekesha, nyuzi zinamvuta. Alichagua cha barabara kwa kuwa ndicho alichoona anaweza kukisoma bila kukwama. Alipoambiwa kimeazimwa, alibonyeza apewe zamu, akarudi hospitali.

Nilitaka tuvuke tumpelekee mkononi. Dada alikataa. Kitabu kwanza kirudishwe, kisha kitolewe kwa kadi ya mwenyewe. Alikiweka juu ya kaunta. Mkutubi akakipitisha kwenye mashine, ikalia, na rangi nyekundu ikageuka kijani. Dada alikuwa ameinama kuangalia kioo. Sidhani alijua kwamba maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mikono yake juu ya sakafu aliyokuwa akiilinda maisha yake yote.

Dereva alipigiwa simu, akaja mbio, kofia kiganjani. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakifungua katikati, akaona picha ya greda, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na mfanyakazi mwenzake wa zamani. Kisha akauliza tena lile swali la jana, ni nani aliyeandika hayo maneno, kwa wenye nyuzi.

Mkutubi alimtazama Dada.

"Yalikuwepo tangu zamani," Dada akasema. "Msomee polepole. Pale kwenye mifereji usiruke."

Jumatano, 7 Mei

Tumevirudisha vyote. Fundi alibeba mfuko mkubwa kichwani, akiwaambia watu njiani kwamba humo hamna cha kuchekesha hata kimoja, nao wakacheka. Mkutubi amevipangia rafu ya chini, karibu na mlango, mbali na paa.

Kitanda cha wazazi kiko tupu tena. Dada alikitandika shuka safi, hajui kwa nini, wala sikumwuliza.

Jumatatu, 12 Mei

Manyunyu tu. Mkutubi anasema cha saa kimetoka, na cha visima. Si sisi.

Jumanne, 20 Mei

Jua, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Mtaa mzima umeanika magodoro.

Ijumaa, 30 Mei

Mafundi wa paa wamefika na ngazi zao. Vitabu vya juu vimeshushwa. Sita havikuwahi kuguswa na mtu, na Dada mwenyewe, akiwa amevisoma mgongo mmoja baada ya mwingine, amekubali viondoke. Alisema vitatu kati yake hakuwahi kuvipenda. Visivyochekesha vinabaki vyote. Makabati ya kadi yatakaa chini, kwenye kona, yakiwa makavu. Mkutubi ameyaombea nafasi hiyo bila kuombwa.

Tulikuwa hapo kaunta, Dada akimwonyesha mwenzake kadi iliyokauka ikapinda kama kigae, dereva alipoingia kurudisha kitabu. Mkewe aliruhusiwa wiki iliyopita. Nyuzi zimetolewa. Alikisikiliza chote, na kile cha chumvi pia, na hakucheka hata mara moja.

Dada alimwuliza kama kilimchosha.

Dereva alisema hapana, ila kuna tatizo limezuka. Tangu siku aliyomtoa hospitali, mkewe hakai tena kwenye gari akatulia. Geti lenyewe hawakulipita. Alimwambia asimame, akashusha kioo, akatoa kichwa nje akiwa bado na bendeji, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Akaniambia, mume wangu, hii barabara haina mfereji."

Nilimtazama Dada. Alikuwa ameanza na tabasamu, lakini halikukaa. Alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili, akainamia kaunta, machozi yakimtoka, yeye Mama Kimya, ndani ya maktaba, wasomaji wote wakigeuka. Dereva alisimama akiwa hajui amefanya nini. Nami nilicheka, na hiyo naiandika kama ushahidi tu.

Mkutubi alisubiri mpaka tukapata pumzi. Akashusha miwani, akafungua rekodi ya kitabu, akauliza kwa sauti ya kazi kama akiondoe kwenye Visivyochekesha.

Dada alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Kiache palepale," akasema. "Ila kiwekee ona pia."